Mnara Unasema, Punguza

Watoto wa Bunia, leo nawapa kazi kabla ya hadithi. Tafuteni redio, ile ile inayowashwa nyumbani kusikiliza vituo vya Candip au Okapi. Tafuteni pia simu ndogo ya vitufe, ile ya 2G ambayo haina intaneti ya maana. Wekeni simu ubavuni mwa redio, kisha mtu aipigie. Kabla simu haijalia, redio itaanza kelele: ti-ti-tit, ti-ti-tit, halafu mngurumo mrefu. Pokeeni, mwendelee kusikiliza. Kama mko mjini, karibu na mnara wa simu, mara nyingi kelele za mwanzo huwa kali, na punde tu zinafifia. Simu haikusogezwa. Redio haikuguswa. Kumepungua nini?

Kumepungua nguvu ambayo simu inarushia mawimbi yake. Na simu haikuamua peke yake. Imepewa amri na mnara, ikatii, yote hayo kabla hujamaliza kusema “alo”.

Nimeipenda amri hii tangu nilipoielewa. Watu husifu kioo cha simu, kamera yake, muziki wake. Mimi nasifu jambo hili lisiloonekana, kwa sababu bila hilo mji mzima usingeweza kuzungumza kwa wakati mmoja.

Kwanza mjue kwamba simu mfukoni mwako ni kituo cha redio kamili. Candip inarusha, redio ya nyumbani inapokea tu. Simu hufanya yote mawili: inapokea kutoka mnarani na inarusha kwenda mnarani. Ikiwa kwenye 2G, katika masafa ya megahezi 900, nguvu yake ya juu kabisa ya kurusha ni wati 2. Balbu ndogo ya LED yaweza kula zaidi ya hapo. Tena hairushi mfululizo. Simu nane hupokezana njia moja ya mawimbi, kila moja na zamu yake, na zamu ya simu yako hurudi mara 217 kwa sekunde. Ule mngurumo mliousikia redioni ndio huo: mikupuo 217 kila sekunde, inayopenya hadi kwenye spika.

Sasa tumfuate msichana mmoja wa mtaa wa Mudzipela, hapa Bunia. Anataka kumpigia shangazi yake aliyeko Kasenyi, ufukweni mwa Ziwa Albert, amwulize kama samaki wamepatikana. Anabonyeza kitufe. Simu yake haijajua bado mnara unaisikia vizuri kiasi gani, kwa hiyo inaomba njia kwa nguvu ya juu iliyoruhusiwa katika eneo lile. Mnara unapokea ombi na kujibu: njia yako ni hii, na ngazi yako ya nguvu ni hii.

Kutoka hapo yanaanza mazungumzo ya pili, chini ya mazungumzo ya msichana na shangazi, ambayo hakuna hata mmoja wao anayeyasikia. Kila milisekunde 480, yaani karibu kila nusu sekunde, simu inapeleka taarifa: nakusikia kwa nguvu kiasi hiki, na minara jirani, hadi sita, naisikia kwa nguvu kiasi hiki. Mnara nao unapima jinsi unavyoisikia simu. Mitambo iliyo nyuma ya mnara inalinganisha, kisha amri inarudi: panda, au shuka, au baki hapo hapo.

Ngazi zenyewe ni 15. Ya juu ni wati 2. Kila ukishuka ngazi moja, zaidi ya theluthi ya nguvu inaondolewa. Ya chini kabisa ni miliwati 3 na kitu kidogo, pungufu ya ile ya juu mara 600 na zaidi. Simu inashuka ngazi moja kila milisekunde 60, kwa hiyo yaweza kutoka juu hadi chini kabla sekunde moja haijaisha. Na shangazi hatambui chochote. Sauti ya mpwa wake haifichiki wala haififii, kwa sababu mnara una masikio makali mno. Mnara wa 2G unatakiwa uelewe simu hata kama mawimbi yanayoufikia yana nguvu ya wati 0.00000000000004. Hesabuni sifuri zile baada ya nukta: ni 13, ndipo 4. Kwa sikio la namna hiyo, wati 2 kutoka mtaa wa pili ni nguvu ya kupoteza bure.

Mtaniuliza, kwani kuna ubaya gani simu ikirusha kwa nguvu zake zote daima? Ubaya wa kwanza mnaujua. Umeme wa Bunia haufiki kila nyumba, na wengi wenu mnapeleka simu kuchajiwa kwa jirani mwenye sola au kibandani, kwa malipo. Kurusha mawimbi ni miongoni mwa kazi zinazokula betri sana. Simu inayoambiwa ishuke hadi miliwati chache inamaliza mazungumzo yale yale kwa chaji kidogo.

Ubaya wa pili ni mkubwa kuliko huo. Twendeni soko kuu asubuhi. Pale pana mama anayeuza samaki wa chumvi, kijana wa mitumba, mwenye mihogo kutoka Irumu. Wanasema Kiswahili, Kilendu, Kihema, Kialuri, Kibira, Kilingala, wote kwa pamoja. Wewe unaelewana na muuzaji wako kwa sababu masikio yako yanashika lugha mnayozungumza na kuiacha mingine ipite. Lakini akisimama mtu pembeni yako na megafoni, hata akisema lugha usiyoijua neno moja, biashara yenu imekwisha. Hamtasikilizana tena. Na muuzaji wako akipaza sauti ili umsikie, wa jirani naye atapaza, na wa tatu naye, mpaka soko zima linapiga kelele na hakuna anayesikia kitu.

3G ilijengwa kama soko hilo hasa. Katika 2G simu hupokezana zamu. Katika 3G simu nyingi hurusha kwa wakati mmoja, kwenye masafa yale yale, kila moja ikiwa na msimbo wake, na mnara unazitenganisha kwa misimbo hiyo. Jambo hilo linawezekana kwa sharti moja gumu: sauti zote zifike mnarani zikiwa karibu sawa. Simu iliyo mita 100 kutoka mnarani na simu iliyo kilomita 3 zimetofautiana umbali mara 30. Mawimbi yanayosafiri mahali peupe hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo zikirusha kwa nguvu moja, ile ya karibu itasikika mara 900 zaidi ya ile ya mbali. Mjini, penye kuta na mabati na miti, tofauti yaweza kufika mamia ya maelfu. Mmoja tu wa karibu asipopunguza, wa mbali wote wanafutika.

Wahandisi walilijua tatizo hili zamani, na wengi walisema njia ya misimbo haitafaa kwa simu za watu wanaotembea. Huko San Diego, Marekani, kampuni ya Qualcomm iliyoanzishwa mwaka 1985 na Irwin Jacobs, Andrew Viterbi na wenzao ilishikilia kwamba itafaa, endapo kila simu itadhibitiwa nguvu yake kwa kasi ambayo hakuna aliyewahi kuijaribu katika simu za kibiashara. Mwezi Novemba 1989 walionyesha mtambo wao mbele ya watu wa makampuni ya simu, ukafanya kazi. Mfumo uliotokana na jaribio hilo ulitoa amri za nguvu mara 800 kwa sekunde. 3G inayotumika katika nchi zetu ilikuja baadaye na kuongeza kasi: amri 1500 kila sekunde. Kila amri ni neno moja tu, panda au shuka, na kwa kawaida simu huongeza robo hivi ya nguvu iliyokuwa nayo, au hupunguza moja ya tano. Kati ya nguvu yake ya juu na ya chini kabisa, simu ya 3G yenye wati robo yaweza kushuka mara milioni 25.

Lakini kwa nini mara 1500? Mtu anatembea kwa miguu, anavuka barabara, anaingia dukani. Mbona amri moja kwa sekunde isitoshe?

Hapa ndipo panaponifurahisha. Chukueni abiria aliyebebwa na motari kwenye pikipiki yake, wanapita Bulivadi ya Libération kwa kasi ya kilomita 36 kwa saa, naye anaongea na simu. Mawimbi ya simu yake hayaendi mnarani kwa njia moja. Mengine yanakwenda moja kwa moja, mengine yanagonga paa la bati na kurudi, mengine yanagonga lori lililoegeshwa. Yanapokutana, mahali pengine yanasaidiana na mahali pengine yanauana. Mawimbi ya 3G yana urefu wa sentimita 15 hivi, na kutoka mahali yanaposaidiana hadi mahali yanapouana mara nyingi si zaidi ya nusu ya urefu huo, sentimita 7 hivi. Upana wa kiganja chako. Hewa ya bulivadi yote imejaa vilima na mashimo ya namna hiyo, hayaonekani, na motari anayavuka bila kujua.

Sasa fanyeni hesabu. Kilomita 36 kwa saa ni mita 10 kwa sekunde. Sentimita 7 kwa kasi hiyo zinachukua milisekunde 7. Ndani ya milisekunde 7, amri 1500 kwa sekunde zinatoa amri kama 10. Kumi tu, za kuitoa simu kilimani na kuivusha shimo. Amri ingekuwa moja kwa sekunde, motari angekwishavuka mashimo zaidi ya mia kabla mnara haujasema kitu. Kwa hiyo namba 1500 haikuokotwa. Imetokana na urefu wa wimbi na mwendo wa watu.

Mfumo huu una udhaifu wake, na nadhani mmekwisha kuuona siku za sikukuu. Watu wanapokuwa wengi kwenye mnara mmoja wa 3G, kelele za jumla zinapanda, kwa hiyo kila simu inaambiwa ipande kidogo. Zilizo pembezoni zinafika nguvu yao ya mwisho, haziwezi kupanda tena, zinakatika. Eneo la mnara linanywea watu wanapojaa na kupanuka wanapoondoka. Bibi aliye nje kidogo ya mji anasema “rezo imekimbia”. Mnara uko pale pale, ila watu wa katikati wameujaza masikio.

Ndani ya simu ya 2G kuna kitu ambacho kinapaswa kutajwa hapa kwetu Mashariki ya Kongo. Kila zamu inapofika, simu inayorusha kwa wati 2 inavuta umeme mwingi kwa ghafla, yaweza kufika ampea 2, kwa muda mfupi kuliko milisekunde moja. Betri peke yake ingeyumba. Katika simu nyingi kuna kapasita, kidude kidogo kinachohifadhi umeme na kuutoa papo hapo zamu inapofika. Baadhi ya kapasita za kazi hiyo hutengenezwa kwa tantalamu, na tantalamu hutoka kwenye koltani, jiwe ambalo ndugu zetu wa Rubaya huko Masisi wanalichimba kwa mikono. Mkisikia koltani ikitajwa pamoja na vita, mjue kazi mojawapo inayoifanya ndani ya simu ni hiyo: kuisaidia irushe bila kuyumba. Wachimbaji wale wamelipa gharama kubwa kwa ajili ya mazungumzo ya dunia nzima, na nasema hivyo kwa uchungu.

Turudi kwa shangazi wa Kasenyi. Kutoka Bunia, iliyo juu kama mita 1,275, barabara inateremka mpaka ziwani, kwenye mita 620 hivi. Kutoka ufukweni kuelekea ziwani hakuna nyumba za kuzuia mawimbi, hakuna kilima, ni maji tu mpaka ng’ambo, Uganda. Ziwa Albert lina upana wa kilomita 30 hivi. Mawimbi yanapita juu ya maji bila kizuizi, ndiyo maana simu iliyo katika mwambao au karibu na mpaka mara nyingine hushika mnara wa Uganda, na mwenye simu anashtuka initi zake zimeliwa.

Mvuvi akiingia ndani ya ziwa na simu ya 2G, mnara wake ukawa mbali zaidi ya kilomita 35, simu haitaunganishwa, hata kama inauona mnara vizuri na inarusha wati zake zote 2. Kinachomkwamisha ni muda. Mawimbi husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, haraka sana, lakini si papo hapo. Kwa kuwa simu nane zinapokezana zamu fupi mno, simu ya mbali inaambiwa ianze kurusha mapema kidogo ili mawimbi yake yafike ndani ya zamu yake. Mnara unaweza kuiambia iwahi kwa hatua 63, na kila hatua ni mita 550 hivi za umbali. Zidisheni, mtapata kama kilomita 35. Zaidi ya hapo, isipokuwa mnara uwe umepangwa kwa namna maalumu, mawimbi yanachelewa na kuingia katika zamu ya mwingine. Hapo nguvu haina msaada tena.

Watu wazima huuliza kama mawimbi haya yanaleta maradhi, nanyi mtaulizwa, kwa hiyo mjue la kusema. Mwaka 2011, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliyaweka mawimbi ya namna hii katika kundi la vitu ambavyo huenda vikaleta saratani, kwa kuwa ushahidi uliokuwepo ulikuwa mdogo, hautoshi kusema ndiyo wala kusema hapana. Nchi nyingi zimeweka kikomo cha nguvu ambayo mwili wa mtu unaruhusiwa kupokea kutoka kwenye simu. Lakini wengi huogopa mnara ulio karibu na kusahau simu iliyo sikioni. Mnara ukiwa karibu, simu yako inaambiwa ishuke. Mnara ukihamishwa mbali, au jenereta lake likikosa mafuta na simu yako ikalazimika kushika mnara wa mbali, simu inapanda ngazi, na ni hiyo simu ambayo umeibana kichwani. Mwenye kuogopa mawimbi afadhali aongee mahali rezo ni nzuri, au aweke spika ya nje.

4G inafanya kazi hii kwa utulivu zaidi. Simu zilizo kwenye mnara mmoja hazigongani ndani yake kama kwenye 3G, nguvu ya juu kwa kawaida ni wati 0.2, na lengo moja kubwa la amri ni kuzuia simu isisumbue minara ya jirani. Kanuni inabaki moja: rusha kiasi kinachotosha, usizidishe.

Kanuni hiyo ni sababu mojawapo ya simu kuzimwa mawimbi ndani ya ndege. Simu iliyo juu kilomita 10 inaona minara mingi kwa pamoja, yote iko mbali, hivyo ikiunganishwa inapanda hadi ngazi ya juu na kusikika katika minara mingi ambayo haikuiita.

Nanyi mtaihitaji hali hiyo ya kuzima mawimbi, iitwayo hali ya ndege, mkiwa mmekaa ardhini. Mkisafiri kwenda Mambasa kupitia Komanda, msitu unaanza na rezo inakatika vipande vipande. Simu isiyoona mnara haikai kimya. Inazunguka masafa yote ikitafuta, na kila inapoona mnara hafifu inaomba kupokelewa kwa nguvu kubwa. Betri iliyotoka Bunia imejaa inaweza kufika imekwisha bila mtu kupiga hata mara moja. Wekeni simu katika hali ya ndege, muifungue mkifika senta yenye mnara, mtume ujumbe wenu, muifunge tena. Pia angalieni mnavyoishika. Katika simu nyingi za kioo antena iko upande wa chini, na kiganja kinachoifunika kinailazimisha ipande ngazi.

Na wale wanaopenda hesabu, siku mwalimu atakapoandika logi ubaoni na wenzenu wakaguna, mwombeni awaonyeshe desibeli. Kila ngazi ya simu ya 2G ni desibeli 2. Kutoka ngazi ya juu hadi ya chini ni hatua 14, yaani desibeli 28. Anzeni na wati 2, mshuke desibeli 28, mwone kama mtafika miliwati 3 nilizowatajia. Hesabu nzima inaenea katika nusu ukurasa wa daftari, na ni miongoni mwa hesabu za mwanzo ambazo mhandisi wa simu hufundishwa. Ituri bado ina vijiji vingi visivyo na mnara, na inawahitaji watu wa kazi hiyo.